Asa Keyes: Mwendesha mashtaka aliyeishia katika gereza alilowapeleka wengine

Mwezi Machi 1930, mfungwa mpya alipokelewa katika Gereza la San Quentin, lililo kando ya Ghuba ya San Francisco, Jimbo la California, nchini Marekani. Alikuwa mwanaume wa umri wa miaka zaidi ya 50, ambaye hakuwahi kufungwa kabla ya siku hiyo. Hata hivyo, jina la gereza hilo alilijua vizuri, kwa kuwa kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuziomba mahakama ziwapeleke watu huko. Aliitwa Asa Keyes, na hadi Desemba 1928 alikuwa Mwendesha Mashtaka wa Kaunti ya Los Angeles, aliyekabidhiwa ofisi hiyo kwa kura za wananchi.

Kosa lililomfikisha hapo lilikuwa kupokea rushwa. Aliipokea katika shauri lililowahusu wananchi wapatao 40,000 waliopoteza akiba zao katika ulaghai wa hisa za kampuni ya mafuta. Wananchi hao walikuwa na mtu mmoja tu mwenye mamlaka ya kuwasemea mbele ya mahakama katika jinai hiyo, naye alikuwa yeye.

Ofisi inayopatikana kwa kura

Maisha ya Keyes hayaeleweki bila kwanza kuielewa ofisi aliyoishika. Katika nchi nyingi, mamlaka ya kuendesha mashtaka ya jinai hukabidhiwa ofisa anayeteuliwa. Nchini Tanzania, kwa mfano, Ibara ya 59B ya Katiba inaweka nafasi ya Mkurugenzi wa Mashtaka anayeteuliwa na Rais, na kumtaka afanye kazi kwa uhuru, akizingatia nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Katika majimbo mengi ya Marekani utaratibu ni tofauti. Kila kaunti ina mwendesha mashtaka wake, na wananchi ndio wanaomchagua kwa kura kama wanavyowachagua viongozi wengine wa eneo lao.

Pamoja na tofauti hiyo, kiini cha mamlaka yenyewe ni kimoja. Mwendesha mashtaka ndiye anayeamua nani ashtakiwe, kwa kosa gani, na kwa ushahidi upi. Ndiye pia anayeamua nani asishtakiwe, na shauri lipi lifutwe kabla halijafika mwisho. Hakimu huamua kile kilicholetwa mbele yake, na kile ambacho hakikuletwa hana namna ya kukijua. Kwa sababu hiyo, nguvu kubwa ya ofisi hii imo katika mambo ambayo wananchi hawayaoni.

Kupanda ngazi kwa ngazi

Asa Keyes alizaliwa mwaka 1877. Alisomea sheria, akajiunga na ofisi ya mwendesha mashtaka wa Los Angeles mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa wakili kijana. Hakuingia kwa mlango wa siasa. Alianza na kazi za ngazi ya chini, akapandishwa cheo hatua kwa hatua, na akawatumikia wakuu kadhaa waliopokezana ofisi hiyo. Kwa takribani miongo miwili alisimama mahakamani kwa niaba ya umma, mara nyingi katika mashauri ya mauaji, na akajijengea sifa ya kuwa mwendesha mashtaka mzoefu, mwepesi wa kuzungumza na anayezijua taratibu za mahakama kwa undani.

Mji aliokuwa akiutumikia ulikuwa ukibadilika kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwaka 1920 Jiji la Los Angeles lilikuwa na wakazi 576,673. Miaka 10 baadaye idadi hiyo ilikuwa imefika 1,238,048. Watu walihamia kutoka majimbo ya ndani ya nchi wakifuata hali nzuri ya hewa, kazi katika tasnia changa ya filamu, na utajiri wa mafuta uliogunduliwa kuzunguka mji huo mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika maeneo kama Huntington Beach, Signal Hill na Santa Fe Springs. Wengi wao walikuwa watu wa makamo, waliouza mashamba na nyumba walikotoka, na kufika na akiba mkononi.

Mwaka 1923 mkuu wa Keyes, Thomas Lee Woolwine, alijiuzulu kwa sababu ya maradhi. Baraza la Wasimamizi wa Kaunti likamteua Keyes kushika nafasi yake. Mwaka uliofuata aliomba ridhaa ya wananchi, wakampa. Mtumishi aliyeanza chini kabisa sasa alikuwa kileleni, na watu walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba ofisi imempata anayeijua.

Mashauri yaliyompa jina

Kipindi cha Keyes kilikuwa na mashauri yaliyofuatiliwa na magazeti ya Marekani nzima. La kwanza kati ya hayo lilimhusu mhubiri mashuhuri, Aimee Semple McPherson, mwanzilishi wa Kanisa la Foursquare, aliyekuwa na maelfu ya waumini mjini Los Angeles na kituo chake cha redio. Mei 18, 1926, mhubiri huyo alitoweka akiwa ufukweni, na watu wakadhani amekufa maji. Juni 23 alijitokeza katika mpaka wa Mexico na Marekani, akieleza kwamba alikuwa ametekwa na watu wasiojulikana na kufanikiwa kutoroka.

Maelezo hayo yalitiliwa shaka, na baadhi ya watu walidai kumwona mahali pengine katika siku hizo alizokuwa hajulikani alipo. Keyes alifungua shauri akidai kwamba mhubiri huyo na wenzake walikula njama ya kupotosha haki. Baada ya wiki kadhaa za kusikiliza ushahidi wa awali, hakimu aliona upo msingi wa kuendelea na kesi. Lakini Januari 10, 1927, Keyes aliiomba mahakama ilifute shauri lote. Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba shahidi wake mkuu alikuwa amebadilisha maelezo mara kwa mara kiasi cha kutoaminika tena.

Sababu hiyo ilikuwa na uzito kisheria, na katika shauri hilo Keyes hakuwahi kutiwa hatiani kwa jambo lolote. Hata hivyo, shauri lililotumia miezi kadhaa na fedha nyingi za umma lilimalizika kwa uamuzi wa mtu mmoja, na wananchi wakabaki wamegawanyika. Waumini wa mhubiri walihoji kwa nini lilifunguliwa, na wapinzani wake wakahoji kwa nini lilifutwa.

Shauri la pili lilimwonyesha Keyes katika ubora wake. Desemba 1927, binti wa miaka 12, mtoto wa ofisa wa benki, alichukuliwa shuleni kwa hila na kijana aliyeitwa William Edward Hickman. Kijana huyo alidai fedha za kumkomboa, akazipokea, kisha ikabainika kwamba alikuwa amekwisha kumuua mtoto huyo. Alikamatwa katika Jimbo la Oregon, na Keyes mwenyewe alikuwa miongoni mwa maofisa waliosafiri kwenda kumrudisha Los Angeles kwa treni.

Kesi yake ilisikilizwa mwanzoni mwa mwaka 1928, chini ya sheria mpya ya California iliyoweka utaratibu maalumu kwa mshtakiwa anayedai kuwa hakuwa na akili timamu alipotenda kosa. Kwa kuwa sheria hiyo ilikuwa ya mwaka uliotangulia tu, upande wa mashtaka ulilazimika kuwa makini katika kila hatua. Keyes aliisimamia kesi hiyo hadi mwisho. Jopo la wananchi lilikataa utetezi wa wazimu, mshtakiwa akahukumiwa kifo, na Oktoba 19, 1928 akanyongwa katika Gereza la San Quentin.

Kama kazi ya Keyes ingepimwa kwa shauri hilo pekee, angekumbukwa kama mtumishi aliyeitendea haki familia iliyofiwa. Lakini katika miezi hiyo hiyo, ofisi yake ilikuwa ikiendesha shauri jingine.

Mafuta, hisa na akiba za wananchi

Mwanzo wa shauri hilo ulikuwa Courtney Chauncey Julian, mzaliwa wa Kanada aliyefika Los Angeles wakati wa shamrashamra za mafuta. Julian alikuwa na kipaji cha kuandika matangazo ya magazeti. Hakuandika kwa lugha ya mabenki. Aliwaambia watu wa kawaida, kana kwamba anazungumza nao barazani, kwamba nao wanaweza kushiriki katika utajiri uliokuwa ukiwafaidi matajiri peke yao. Visima vyake vya kwanza vilitoa mafuta, jambo lililowapa watu imani, na mwaka 1923 akaanzisha Kampuni ya Julian Petroleum. Makarani, wajane, wastaafu na mafundi walinunua hisa.

Kampuni hiyo ililemewa na madeni na migogoro, na Julian akaikabidhi kwa wafanyabiashara wawili, S. C. Lewis na Jacob Berman, ambaye alitumia pia jina la Jack Bennett. Chini yao ulaghai ulichukua sura mpya. Kila kampuni ya hisa ina kikomo cha hisa inazoruhusiwa kutoa. Lewis na Berman walichapisha na kuuza mamilioni ya hisa zaidi ya kikomo hicho. Mtu aliyenunua hisa hizo alikabidhiwa karatasi yenye mhuri na saini, lakini nyuma ya karatasi hiyo hapakuwa na kitu.

Ili mpango huo usigundulike, walihitaji fedha nyingi kila siku za kutegemeza bei ya hisa sokoni. Fedha hizo walizipata kwa vikundi vya wakopeshaji, wakiwamo watu wenye heshima kubwa katika biashara, benki na filamu, ambao walilipwa riba iliyozidi sana kiwango kilichoruhusiwa na sheria ya California. Kwa hiyo, akiba ya mnunuzi mdogo ilikuwa ikigeuka faida ya mkopeshaji mkubwa.

Mei 1927 mpango huo ulifikia mwisho. Biashara ya hisa za Julian ilisimamishwa katika Soko la Hisa la Los Angeles, na ukweli kuhusu hisa hewa ukajulikana. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 150, na waliopoteza fedha walikuwa takribani watu 40,000. Kwa mji wa ukubwa ule, hapakuwa na mtaa ambao haukuguswa.

Kesi iliyopotea

Katika sheria za California lipo Jopo Kuu, yaani kundi la raia wanaokaa kwa kipindi maalumu kuchunguza kama upo msingi wa kumfikisha mtu mahakamani. Mwaka 1927 jopo hilo lilitoa hati za mashtaka dhidi ya makumi ya watu. Orodha hiyo ilikuwa na Lewis na Berman, maofisa wa benki na madalali wa hisa, na pia watu mashuhuri walioshtakiwa kwa kutoza riba haramu. Wananchi walikuwa na matumaini makubwa kwamba safari hii sheria ingewafikia hata wenye majina.

Matumaini hayo yalififia mapema. Mashtaka dhidi ya wengi wa wakopeshaji hayakufikia hatua ya kesi. Walioletwa mahakamani mwanzoni mwa mwaka 1928 walikuwa wachache, Lewis na Berman wakiwa vinara. Kesi iliendelea kwa miezi kadhaa. Ushahidi ulikuwa wa hesabu, vitabu na nyaraka, wa aina inayohitaji mwendesha mashtaka mwenye bidii ya kuufafanua hatua kwa hatua, ili raia 12 wa jopo la mahakama, ambao si wahasibu, waone wazi wizi ulivyofanyika.

Bidii hiyo haikuonekana. Mashtaka yaliyoanza kwa kishindo yaliendeshwa kwa ulegevu, na upande wa mashtaka ukafunga kesi yake ukiwa dhaifu kuliko ulivyoianza. Mei 1928 jopo liliwaachia huru washtakiwa. Mwaka mmoja baada ya akiba zao kupotea, wananchi 40,000 waliambiwa kwamba hakuna mwenye hatia.

Kushindwa kwa kesi peke yake si ushahidi wa rushwa, kwani mwendesha mashtaka mwaminifu naye hushindwa. Ndiyo maana rushwa ya aina hii ni ngumu kuigundua. Anayeitoa hanunui hukumu. Ananunua swali lisiloulizwa, shahidi asiyeitwa na hoja isiyofafanuliwa. Mambo hayo hayaachi alama katika kumbukumbu za mahakama. Katika shauri hili, alama ilipatikana mahali pasipotarajiwa.

Duka la fundi cherehani

Katikati ya mji, katika Mtaa wa Spring, fundi cherehani aliyeitwa Ben Getzoff alikuwa na duka la kushona suti. Keyes alikuwa mteja na rafiki yake. Wakati wa kesi ya Julian Petroleum, duka hilo likawa mahali ambapo mwendesha mashtaka alikuja, na washtakiwa wake, au watu wao, nao walikuja. Getzoff alikuwa mtu wa kati. Kupitia kwake, fedha taslimu na zawadi ziliwafuata wenye madaraka ya kuamua hatima ya kesi. Miongoni mwa vitu vilivyotajwa baadaye mahakamani ni fimbo za gofu na kiti cha kujinyoosha, vitu ambavyo kwa macho ya mpita njia ni zawadi za kawaida baina ya marafiki.

Ndani ya duka hilo alikuwamo pia msaidizi wa Getzoff, mtu asiyekuwa na cheo chochote. Aliona nani anaingia na nani anatoka, akaanza kuandika. Aliandika siku, majina na aliyoyaona na kuyasikia. Maofisa wakubwa waliokuwa wakipita mbele ya meza yake ya kushonea hawakumjali, kwa kuwa hawakumhesabu kama mtu wa kuogopwa.

Maandishi hayo yalipofikia mikono ya wachunguzi, mambo yaligeuka. Berman, mmoja wa waliokuwa wameachiwa huru, naye akakubali kutoa ushahidi kuhusu fedha zilizotolewa. Mwishoni mwa mwaka 1928 Jopo Kuu lilitoa hati ya mashtaka dhidi ya Asa Keyes.

Kizimbani

Kazi ya kumshtaki Keyes ilimwangukia Buron Fitts, aliyekuwa Naibu Gavana wa California, askari wa zamani wa Vita ya Kwanza ya Dunia aliyebaki na jeraha la mguu kutoka vitani. Fitts alichaguliwa mwaka huo wa 1928 kushika ofisi ile ile aliyokuwa akiiacha Keyes. Aliingia akiwa na ahadi kwa wananchi kwamba ataisafisha.

Kesi ilisikilizwa mapema mwaka 1929. Mtu aliyezoea kusimama upande wa mashtaka sasa alikaa upande wa washtakiwa, katika mahakama za kaunti ile ile, mbele ya watu waliokuwa wakimwita mkuu miezi michache kabla. Alikana mashtaka. Mawakili wake walijaribu kuuvunja ushahidi wa Berman, ambaye kwa kweli hakuwa mtu wa kuaminika, kwa kuwa alikuwa amewalaghai maelfu. Lakini maandishi ya msaidizi wa fundi hayakutegemea uaminifu wa Berman. Yaliandikwa siku hadi siku, kabla yeyote hajajua kwamba yangehitajika.

Februari 1929 jopo lilimtia Keyes hatiani kwa kula njama na kupokea rushwa. Getzoff naye alitiwa hatiani. Hukumu ya Keyes ilikuwa kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miaka 14, kwa utaratibu wa California wa wakati huo ambapo urefu halisi wa kifungo uliamuliwa baadaye na mamlaka ya magereza. Rufaa yake haikufanikiwa, na Machi 1930 akapelekwa San Quentin.

Alifika huko miezi 17 baada ya Hickman kunyongwa katika gereza hilo hilo. Ndani ya kuta zile walikuwamo watu ambao ofisi aliyoitumikia kwa zaidi ya miaka 20 ndiyo iliyowapeleka.

Miaka ya mwisho

Keyes alitumikia takribani miezi 19. Oktoba 1931 aliachiwa, akarudi kwa familia yake na kutafuta riziki kama raia wa kawaida. Mwaka 1933 Gavana James Rolph alimpa msamaha. Msamaha huo ulimrudishia haki za kiraia alizozipoteza, lakini haukubatilisha kilichothibitishwa mahakamani, wala haukumrudisha katika utumishi wa umma. Alifariki Oktoba 1934, akiwa na umri wa miaka 57.

Waliohusika naye hawakuwa na mwisho mwema zaidi. Lewis na Berman, walioponyoka katika kesi ya mwaka 1928, walitiwa hatiani katika mahakama ya shirikisho kwa kuitumia posta kulaghai watu. Julian, mwenye matangazo ya kuvutia, aliikimbia Marekani akikabiliwa na mashtaka mengine, akajiua mjini Shanghai, China, mwaka 1934.

Hasira ya waliopoteza akiba zao nayo ilitafuta njia. Julai 1930, ndani ya mahakama mjini Los Angeles, mtu aliyekuwa amepoteza fedha katika hisa za Julian alimpiga risasi na kumuua Motley Flint, mwanabenki mashuhuri aliyehusishwa na sakata hilo, mara baada ya mwanabenki huyo kumaliza kutoa ushahidi katika kesi nyingine. Kitendo hicho kilikuwa mauaji, na mtendaji wake aliadhibiwa kwa mujibu wa sheria. Lakini mahali kilipotendeka panaeleza jambo. Mtu huyo alikuja na bastola katika jengo ambalo wananchi wenzake walikuwa wamekuja kutafuta haki, wakarudi mikono mitupu.

Mrithi katika kiti kile kile

Simulizi hii ingeweza kuishia kwa ushindi wa msafishaji, lakini historia haikwenda hivyo. Mwaka 1934 Buron Fitts, aliyemtia hatiani Keyes, naye alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo mbele ya Jopo Kuu. Mwaka 1936 mahakama ilimwachia huru, na wananchi wakamrudisha tena ofisini. Mwaka 1940, hata hivyo, walimnyima kura, wakamchagua John F. Dockweiler.

Katika muda wa miaka isiyofika 10, waendesha mashtaka wawili wa kaunti moja walikuwa wamekaa katika kiti cha mshtakiwa. Mmoja alitiwa hatiani, mwingine akaonekana hana hatia, na tofauti hiyo ni kubwa na lazima iheshimiwe. Lakini kwa mwananchi wa Los Angeles, funzo lilikuwa zaidi ya jina la mtu. Kura ilimpa uwezo wa kumchagua mwendesha mashtaka na kumwondoa kila baada ya miaka minne. Kura hiyo haikumwezesha kujua kinachoendelea ndani ya ofisi, wala nani anamtembelea nani katika duka la fundi cherehani wakati kesi inaendelea.

Katika maisha ya Asa Keyes, kazi hiyo haikufanywa na sanduku la kura, wala na maofisa wenzake waliokuwa wakimwona kila siku. Ilifanywa na msaidizi wa fundi, aliyekuwa na kalamu na karatasi, na aliyeona kwamba kilichokuwa kikitendeka mbele yake hakikuwa sawa. Keyes alikuwa na elimu, uzoefu wa miaka mingi na imani ya wapiga kura. Vyote hivyo alivitoa kwa bei ya fedha na zawadi ambazo, zikiwekwa kando ya dola milioni 150 walizopoteza wananchi, zilikuwa ndogo mno.

Waliolipa gharama kubwa zaidi si yeye. Yeye alitumikia miezi 19 na akasamehewa. Wale makarani, wajane na wastaafu walionunua karatasi zisizo na thamani walibaki na karatasi zao, na kesi ambayo ingewatendea haki ilikuwa imekwisha kusikilizwa na kufungwa.